Nani Anaruhusiwa Kuandika Kwenye Diski Iliyokwisha Kupachikwa?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, imemruhusu mtumiaji mkuu, yaani root, kufungua patisheni (kipande cha diski) ambayo mfumo wa faili tayari unaitumia na kuandika ndani yake chochote apendacho. Amri ya dd, inayonakili baiti ghafi, ikielekezwa kwenye patisheni ya /dev/sda1 wakati /dev/sda1 hiyo hiyo ndiyo iliyobeba mafaili yote ya mashine, keneli haiulizi wala haionyi, inaandika. Mwanzoni mwa mwaka 2024, katika toleo la 6.8 lililotoka tarehe 10 Machi, ndipo keneli ilipopata njia ya kukataa. Kanuni yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: diski iliyopachikwa, yaani iliyokwisha kuunganishwa ili mafaili yake yatumike, isifunguliwe na mwingine kwa ajili ya kuandikwa. Kilichonivuta mimi si kanuni hiyo, bali ni namna keneli inavyokumbuka nani ameahidiwa nini, maana hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo walipoteleza hata watu wanaoifahamu keneli kuliko karibu mtu mwingine yeyote.

Ninafanya kazi Moshi, ninakotunza kompyuta za ofisi chache ndogo na kufundisha vijana utawala wa Linux katika chumba cha ghorofani, si mbali na soko la Mbuyuni. Diski zinazopita mikononi mwetu nyingi ni za mtumba, na swali la nani ameandika nini juu ya diski gani hutujia kila mara. Kijana mmoja aliniuliza swali ambalo naona ndilo mlango mzuri wa kuingilia: «Mwalimu, mbona mkfs imenikatalia, lakini dd imekubali? Patisheni si ni ile ile?»

Patisheni ni ile ile, na alikuwa na haki ya kushangaa. Programu ya mkfs, inayotengeneza mfumo mpya wa faili, pamoja na kuangalia orodha ya vilivyopachikwa, hufungua kifaa cha bloku (hapa, diski au patisheni) kwa alama iitwayo O_EXCL. Kwa faili la kawaida alama hiyo ina kazi nyingine, lakini kwa kifaa cha bloku maana yake ni hii: nifungulie iwapo tu hakuna mwingine aliyekwisha kukidai kuwa chake peke yake. Mfumo wa faili unapopachikwa nao hukidai kifaa kwa njia hiyo hiyo. Wadai wawili wakikutana, wa pili anarudishiwa kosa la EBUSY, yaani kifaa kina shughuli, na ndivyo mkfs ilivyokataliwa. Programu ya dd haidai chochote. Inafungua kwa kuandika tu, na keneli ya zamani haikuwa na sababu ya kuizuia, kwa kuwa umiliki wa pekee ulikuwa makubaliano baina ya wale wanaoulizana. Asiyeuliza hakujibiwa, alipita.

Madhara ya kupita huko si yale tu ambayo watu huyafikiria kwanza, yaani data kufutika. Mfumo wa faili haurudi kwenye diski kila unapotaka kujua jambo. Unasoma bloku mara moja, unaziweka kwenye kumbukumbu, unazihakiki, kisha unafanya kazi kwa kutegemea nakala hiyo. Fikiria karani wa ghala la chama cha msingi cha kahawa huku Kilimanjaro ambaye amekwisha kuuhakiki ukurasa wa leja na kuutia sahihi, naye anaendelea kutoa magunia kwa kuutegemea ukurasa huo. Mtu mwingine akiifungua leja usiku na kubadilisha tarakimu, karani hatajua, kwa kuwa haoni sababu ya kuhakiki tena ukurasa ambao amekwisha kuukubali.

Kwa ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, hali ni mbaya zaidi kuliko inavyosikika. Metadata yake, yaani taarifa zake za ndani kama supabloku, ramani za bloku zilizo huru, majedwali ya inodi (rekodi za kila faili) na kadhalika, huishi katika kache, yaani nakala iliyo kwenye kumbukumbu, ya kifaa chenyewe cha bloku, na kache hiyo ndiyo ile ile ambayo dd inaiandikia inapofungua /dev/sda1. Hakuna nakala mbili. Baiti zinazobadilishwa na dd ndizo baiti ambazo ext4 inazisoma wakati huo huo. Ramani ya bloku ikisomwa kutoka kwenye diski, ext4 hukagua jumla yake ya uhakiki na kuitia alama kwamba imekwisha kukaguliwa. Kuanzia hapo haiikagui tena. Mwandikaji wa nje akiibadilisha baada ya ukaguzi, keneli inafuata namba za uongo ikiwa na imani kamili, na matokeo yanaweza kuwa mafaili yaliyoharibika, au keneli yenyewe kuanguka. XFS, mfumo mwingine wa faili, ina kache yake ya pembeni, hivyo haioni mabadiliko hayo papo hapo, lakini hilo halimwokoi mtu; wawili wanaoandikiana juu bila kuonana wataharibiana tu, tofauti ni saa.

Kuna watakaosema kwamba root ana haki ya kujiharibia, na kwamba aliyeelekeza dd mahali pasipofaa avune alichopanda. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi mifumo mingi inajaribu kutenganisha mamlaka ya root na mamlaka ya keneli, hasa pale mashine inapowashwa kwa kuhakiki saini za programu tangu mwanzo, na katika mpangilio huo root hatakiwi kuweza kubadilisha keneli inayoendeshwa. Mtu anayeweza kubadilisha metadata chini ya miguu ya mfumo wa faili baada ya kuhakikiwa amepata njia ya kuvuruga kumbukumbu za keneli kutoka nje. Utengano huo unabaki kwenye karatasi tu.

Msukumo wa kila siku, hata hivyo, ulitoka kwa roboti. Google inaendesha syzbot, mfumo unaobuni mfululizo wa miito ya keneli bila kuchoka na kuripoti kila anguko. Kadiri ulivyoendelea, ndivyo ulivyozidi kugundua namna za kupachika taswira ya diski kisha kuandika juu ya kifaa hicho hicho kikiwa kimepachikwa, na ripoti za maanguko zikamiminika kwa watunzaji wa mifumo ya faili, ambao hawakuwa na la kufanya, maana kasoro haikuwa ndani ya mfumo wa faili. Jan Kara wa kampuni ya SUSE ndiye aliyeandika mfululizo wa viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, uliotoa jibu. Uliongeza chaguo la kujengea keneli liitwalo CONFIG_BLK_DEV_WRITE_MOUNTED, na kigezo cha kuwashia mashine kiitwacho bdev_allow_write_mounted kinachoweza kulitangua chaguo hilo. Chaguo-msingi likabaki kuruhusu, kama zamani. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa una gharama yake, na nitaigusa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kila kifaa cha bloku ndani ya keneli kina muundo wake wa data, na ndani ya muundo huo kuna namba moja iitwayo bd_writers. Namba hiyo ikiwa juu ya sifuri, inaonyesha ni wangapi wamefungua kifaa kwa kuandika. Ikiwa chini ya sifuri, inaonyesha ni wangapi wameomba wengine wazuiwe kuandika. Sifuri maana yake hakuna mwandikaji wala mzuiaji. Anayefungua kwa kuandika huongeza moja, lakini akikuta namba iko chini ya sifuri anarudishiwa EBUSY. Anayefungua kwa alama ya BLK_OPEN_RESTRICT_WRITES, na kwa kawaida huyu ni mfumo wa faili unaopachikwa, hupunguza moja, lakini akikuta namba iko juu ya sifuri naye anarudishiwa EBUSY. Pande mbili haziwezi kuwapo kwa wakati mmoja, na namba yenyewe haiwezi kuwa chanya na hasi kwa pamoja, kwa hiyo umbo la hesabu ndilo linalolinda kanuni. Ninaupenda ubunifu wa namna hii. Wazo si geni ndani ya keneli: inodi ya kila faili ina kihesabio cha aina hiyo hiyo, ambacho kwa miaka mingi kimezuia programu inayoendeshwa isiandikwe juu yake.

Tazama mambo mawili yanayotokana na hesabu hiyo. La kwanza ni kwamba kizuizi kinafanya kazi pande zote. Ikiwa programu fulani ilikwisha kufungua /dev/sda1 kwa kuandika na haijafunga, kupachika kutashindikana, na fundi asiyelijua hilo atatafuta kosa kwenye mfumo wa faili wakati kosa liko kwenye programu iliyosahauliwa dirisha la jirani. La pili ni kwamba mfumo wa faili wenyewe, ambao bila shaka unaandika, hauhesabiwi kama mwandikaji. Unahesabiwa kama mzuiaji. Akifungua kwa kuandika na kuzuia kwa pamoja, namba inapungua moja tu. Na mfumo wa faili uliopachikwa kwa kusoma tu nao pia unazuia, kwa sababu msomaji anadhurika na metadata inayobadilika chini yake sawa na mwandikaji. Huyu wa mwisho, msomaji anayezuia wengine kuandika bila yeye kuandika, ndiye aliyeleta matatizo.

Katika toleo la 6.7 keneli ilikuwa imeanza kutumia kishikio, muundo mdogo uliorudishwa kwa kila aliyefungua kifaa cha bloku kutoka ndani ya keneli. Kishikio kilibeba hali kamili ya ufunguzi: kilijua kama kifaa kilifunguliwa kwa kusoma, kwa kuandika, kwa kuzuia, au kwa mchanganyiko wa hayo. Wakati wa kufunga, keneli iliangalia kishikio na kurudisha hesabu kama ilivyokuwa. Kisha Christian Brauner, mmoja wa watunzaji wa tabaka la mifumo ya faili, akafanya kazi kubwa kwa ajili ya toleo la 6.9: kifaa cha bloku kikifunguliwa ndani ya keneli kirudishe faili la kawaida la keneli badala ya kishikio. Kazi hiyo ilirahisisha mengi na kuondoa njia mbili za kufanya jambo moja. Lakini faili la keneli lilibeba bendera, yaani alama za hali, za kusoma na kuandika tu. Halikuwa na mahali pa kukumbuka kwamba mfunguaji huyu alizuia wengine.

Mantiki mpya ikajaribu kulibaini jambo hilo kwa dalili. Wakati wa kufunga iliuliza: je, faili hili lilifunguliwa kwa kuandika? Kama ndiyo, na kama uandishi kwenye kifaa umezuiwa, basi bila shaka mwenye faili hili ndiye aliyezuia, kwa hiyo ondoa kizuizi. Vinginevyo ni mwandikaji wa kawaida, punguza idadi ya waandikaji. Ukiisoma haraka inaridhisha, kwani haiwezekani mwandikaji wa kawaida awepo pamoja na kizuizi. Tatizo ni yule aliyezuia bila kufungua kwa kuandika. Faili lake halina bendera ya kuandika, kwa hiyo swali la kwanza linajibiwa hapana, na hakuna kinachorudishwa.

Fuata namba. Kifaa kiko sifuri. Unakipachika kwa kusoma tu. Namba inakuwa hasi moja. Unakiondoa, keneli inaangalia faili, haioni bendera ya kuandika, inapita. Namba inabaki hasi moja. Hakuna aliyepachika, hakuna aliyefungua, lakini kuanzia hapo kila anayetaka kuandika anaambiwa kifaa kina shughuli, mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Amri ya lsof, inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, haitaonyesha mtu, kwa sababu mtu hayupo. Fundi yeyote anaweza kujionea ni usiku wa namna gani ungempata mwenye mashine hiyo.

Marekebisho ya Brauner yalikuja kabla toleo la 6.9 halijatoka rasmi tarehe 12 Mei 2024. Aliongeza bendera mpya kwenye faili, FMODE_WRITE_RESTRICTED, inayowekwa wakati ule ule kizuizi kinapokubaliwa. Wakati wa kufunga, keneli haikisii tena: bendera ipo, ondoa kizuizi, haipo lakini faili liliandikika, punguza waandikaji. Aliifikiria pia njia ya kutumia O_EXCL kama dalili, kwa kuwa ndani ya keneli alama hiyo isingechanganyika na ya watumiaji, lakini akaiacha kwa kuiona ni bahati nasibu. Kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani kuliko kiraka chenyewe. Alikuwa na dalili nyingine iliyokuwa inafanya kazi, bila kuhitaji kutumia biti mpya, lakini ingekuwa dalili tena: kitu kilichowekwa kwa ajili ya jambo fulani, kinachosomwa kama ushahidi wa jambo jingine. Siku mtu angebadilisha matumizi ya O_EXCL kwa sababu zisizohusiana kabisa, hesabu ya waandikaji ingeharibika kimya kimya.

Bendera ya kuandika ilikuwa dalili dhaifu hata kwa sababu nyingine. Patisheni inaweza kupachikwa kwa kusoma tu, kisha ikageuzwa kuwa ya kusoma na kuandika bila kuondolewa, na hivi ndivyo mashine nyingi za Linux zinavyoamka kila asubuhi. Faili la keneli lililofunguliwa mwanzoni linabaki bila bendera ya kuandika, wakati mfumo wa faili sasa unaandika kwa kupeleka maombi yake moja kwa moja kwenye tabaka la bloku. Bendera inaeleza jinsi mlango ulivyofunguliwa, haielezi kinachoendelea ndani. Wanafunzi wangu huliona hili kuwa la ajabu. Mimi naliona kuwa la kawaida kabisa, na ndiyo maana siamini hali yoyote inayotafutwa kwa kukisia kutoka kwenye hali nyingine.

Kulikuwa na tatizo la pili, dogo kwa sura, lililotokana na mabadiliko hayo hayo. Faili la keneli halifungwi papo hapo linapoachwa. Kazi ya mwisho ya kulifunga huahirishwa hadi mwito unaporudi kwa mtumiaji. Kwa hiyo kifaa kiliachiwa kikweli mwishoni kabisa mwa umount, amri ya kuondoa kilichopachikwa, baada ya mfumo wa faili wenyewe kutoweka, wakati desturi ya zamani inataka kupachika na kuondoa vinavyoendeshwa kwa pamoja visigongane kwa EBUSY. Dawa ilikuwa kuachia mapema: kabla ya kulitupa faili, keneli irudishe umiliki na kizuizi cha kuandika mara moja. Lakini ufungaji halisi utafika baadaye, nao utataka kurudisha tena. Kizuizi kikirudishwa mara mbili, hasi moja inakuwa sifuri, kisha chanya moja, na hapo kifaa kinaonekana kina mwandikaji ambaye hayupo, hivyo kupachika kunakataliwa. Ndiyo sababu anayeachia mapema huandika ndani ya faili lenyewe kwamba amekwisha kuachia, na ufungaji wa baadaye ukikuta maandishi hayo unapita.

Gharama ya chaguo-msingi niliyoitaja inaonekana hapa. Keneli ikiwa inaruhusu kuandika kwenye diski zilizopachikwa, hesabu yote niliyoieleza hairukwi nusu, inarukwa yote. Sehemu ya msimbo inayohusika huanza kwa kuangalia kigezo na kurudi mara moja. Maana yake ni kwamba wengi wa waliojaribu matoleo hayo hawakuigusa njia yenye kasoro hata mara moja. Ulinzi unaozimwa kwa chaguo-msingi hujaribiwa na wachache, na wachache hao ndio wanaoutegemea.

Pamoja na hayo, sidhani ilikuwa busara kuuwasha kwa kila mtu. Ipo mipangilio halali inayohitaji kuandika juu ya kilichopachikwa. Mashine inayopachika mzizi wake, yaani mfumo wake mkuu wa faili, kwa kusoma tu kisha ikaendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, juu ya mzizi huo huo itakwama, kwani fsck haitaweza kufungua kwa kuandika. Programu ya tune2fs hubadilisha baadhi ya sifa za ext4 ikiwa imepachikwa kwa kuandika kwenye supabloku kupitia kifaa, ingawa sehemu ya kazi hiyo imeanza kuhamia kwenye miito inayopita ndani ya mfumo wa faili wenyewe, mahali ilipostahili kuwa tangu zamani. FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, ilikwisha kuchagua upande wa kukataa: tabaka lake la GEOM huhesabu wasomaji, waandikaji na wenye umiliki wa pekee kwa kila kifaa, na anayetaka kuandika juu ya kilichopachikwa hana budi kuweka kwanza thamani maalumu katika kern.geom.debugflags.

Kwenye seva za ofisi ninazozitunza nimeweka bdev_allow_write_mounted=0 kwenye mstari wa kuwashia, baada ya kuhakikisha kwamba fsck ya mzizi inaendeshwa mapema, kabla mzizi haujapachikwa. Kujaribu ni rahisi: tengeneza faili tupu, lifanye kuwa kifaa cha loop, yaani faili linalotumika kama diski, liwekee ext4, lipachike, kisha elekeza dd kwenye /dev/loop0. Itakataliwa. Halafu elekeza dd kwenye lile faili lililo chini ya loop. Itakubaliwa, na vijana huwa wanatazamana. Kizuizi ni cha kifaa kimoja na kache yake, hakishuki kwenye tabaka za chini. Hali ni ile ile kwa diski nzima: /dev/sda ina hesabu yake na /dev/sda1 ina yake, hivyo kupachika patisheni hakumzuii mtu kuandika juu ya diski inayoibeba, na amri za SCSI zinazopelekwa moja kwa moja kwenye diski nazo haziguswi. Kinachopatikana ni kwamba uharibifu wa namna hiyo unapita diskini, na mfumo wa faili ukizisoma upya bloku hizo unapata nafasi ya kuzihakiki kabla ya kuziamini. Dhidi ya mkono uliokosea herufi na kuandika sda badala ya sdb, kigezo hiki hakina msaada wowote, kwa hiyo kwenye mashine za mafunzo bado naagiza lsblk, inayoorodhesha diski na mahali zilipopachikwa, iendeshwe kwanza na safu yake ya mwisho isomwe kwa sauti.